Namna ya Kukaangia Ukoo Mzima Usikaangike Mwenyewe

Kila ukoo una mtu wake wa karai. Mtu huyu hapigiwi kura. Siku moja sambusa zake zilitoka kavu na rangi yake, Bibi akatafuna, akanyamaza kidogo, akasema, "Huyu ana mkono," na tangu siku hiyo kila penye shughuli anaulizwa karai kaliweka wapi. Ikiwa umeanza kusoma mwongozo huu, basi mtu huyo ni wewe, Ramadhani iko ukingoni, na watu arobaini wanakuja Magomeni kwa Bibi kula Idi.

Pilau atapika shangazi mkubwa, naye ataombewa dua. Juisi ya ukwaju watatengeneza wifi zako, wakiwa wamekaa kwenye kivuli. Wewe uko uani, kwenye kigoda, mbele ya moto, na orodha yako ina mahamri, kaimati, mihogo, sambusa, kachori, bagia, katlesi, kuku, na samaki ambao hakuna aliyewataja lakini watakuja.

Mwongozo huu una kanuni moja: mafuta hayajui shikamoo. Yanajua mambo mawili tu, joto na maji. Ukoo nao unajua umri, undugu, na nani alikosana na nani msibani. Karibu kila balaa la karai huanzia pale mkaangaji alipomtii mkubwa akayaasi mafuta. Hatua zifuatazo zitakusaidia kuyatii mafuta huku ukionekana unawatii wakubwa.

Hatua ya kwanza: ungoje mwezi

Mapishi ya vitabuni huanza na mahitaji. Ya Idi huanza na mwezi. Jioni ya Ramadhani 29 hakuna anayejua kama kesho ni Idi au ni futari nyingine, mpaka Mufti atangaze. Hamira haisikilizi redio. Ukikanda unga wa mahamri alasiri kwa matumaini, na mwezi usiandame, beseni litafura livuke ukingo, na kesho yake utakuwa na unga mchachu. Ukingoja mno, ukoo utakunywa chai kavu baada ya swala ya Idi, na jambo hilo litatajwa hata kwenye arobaini yako.

Kwa hiyo pima unga, sukari na iliki mapema, kamua tui, weka kila kitu mezani, kisha ukande tangazo likishatoka. Kwa joto la Dar es Salaam, tui likiwa vuguvugu, unga huumuka kwa saa moja au mbili. Kama ulishakanda, uingize kwenye friji. Baridi hupunguza kasi ya hamira, ingawa haiisimamishi kabisa.

Usimsahau kaka anayefuata mwezi wa Saudia. Kuna miaka husali Idi siku moja kabla yenu, na anapofika kwa Bibi anakuwa ameshakula ya kwake. Atakula na ya kwenu. Kwenye hesabu mwandike mara mbili.

Sambusa hazina habari na mwezi. Zikunje siku kadhaa kabla, zigandishe, na siku yenyewe zitoke kwenye friza moja kwa moja hadi kwenye mafuta, chache chache. Ukizingoja ziyeyuke, manda hulowa, na sambusa iliyolowa hupasukia karaini. Kikwazo ni friza yenyewe, kwani imejaa barafu za kuuza za mama mdogo na mguu wa mbuzi ambao hakuna aliye tayari kueleza ulifikaje. Usiuguse. Una mwenyewe.

Hatua ya pili: piga hesabu ya kiukoo

Watu 40, sambusa 3 kila mmoja, ni 120. Hiyo ni hesabu ya shuleni. Hesabu ya kiukoo huongeza 20 za wanaopita uani "kuonja chumvi", 20 za watoto wa jirani waliokuja kuomba mkono wa Idi, na 20 zitakazoondoka ndani ya pochi ya shangazi wa Ilala zikiwa zimefungwa kwenye tishu. Jumla 180. Karai la kawaida la nyumbani hubeba sambusa 12 kwa mkupuo bila kusongamana, na mkupuo mmoja huchukua kama dakika 6. Hiyo ni mikupuo 15, yaani saa moja na nusu, na hapo hujagusa kachori hata moja.

Katika hatua hii atatokea ndugu akuambie kwamba yote hayo ni kazi ya nusu saa. Usimjibu. Andika jina lake mahali.

Hatua ya tatu: mafuta

Karai hilo linataka kama lita 3, na yasivuke nusu ya kina chake. Nunua dumu la lita 5 na lita nyingine 3 za akiba, kwa sababu mafuta ya kwanza yatachoka kabla ya samaki. Bei haipangwi Magomeni wala Kariakoo. Tarehe 28 Aprili 2022, siku chache tu kabla ya Idi, Indonesia, inayoongoza duniani kwa kuzalisha mafuta ya mawese, ilipiga marufuku kuyauza nje, wakati vita vya Ukraine vilikuwa vimeshakwamisha ya alizeti. Mwaka huo watu walikaanga kwa adabu.

Mchango basi uanze mapema kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Andika kiasi, andika namba ya kutumia. Watakaojibu kwa mikono ya dua ni wengi. Watakaotuma hela ni walewale wa kila mwaka.

Chagua mafuta yaliyosafishwa kiwandani, maana hayo huvumilia moto mkali. Alizeti ya Singida iliyokamuliwa tu bila kusafishwa ni tamu kwa kuungia mchicha, ila huwahi kutoa moshi. Mawese mekundu ya Kigoma yaache yafanye kazi yake kwenye maharage. Kaimati nyekundu zitaleta maswali. Na mjomba atakapokuja na chupa ya mafuta "mazima kabisa" yaliyobaki tangu Maulidi, akitaka uyachanganye na mapya kuokoa gharama, mshukuru sana, yapokee kwa mikono miwili, yaweke nyuma ya mlango. Mafuta yaliyochoka hayaponi kwa kuchanganywa na mapya. Yanayaambukiza tu.

Hatua ya nne: mahali pa karai

Karai lina masikio mawili na halina mguu, na kwenye jiko dogo la gesi huyumba. Lisimamishe kwenye mafiga, au kwenye jiko la mkaa lenye mdomo mpana, usogee ukutani, mbali na njia ya kwenda chooni, maana hiyo ndiyo barabara kuu ya ukoo. Watoto wachoree mstari sakafuni kwa kipande cha mkaa na uwaambie asivuke mtu. Hawatavuka. Watasimama wamejipanga, kila mmoja kidole gumba cha mguu kikiwa ndani ya mstari.

Karibu yako weka sinia bapa linaloweza kufunika karai zima. Mafuta yakizidiwa na moto hutoa moshi kwanza, kisha huwaka yenyewe. Yakiwaka, zima jiko kama ni la gesi, funika kwa sinia, na usifunue kuchungulia mpaka yapoe. Kama ni jiko la mkaa, funika hivyohivyo, na usithubutu kulibeba karai. Maji ni marufuku. Maji huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke papo hapo, na yakigeuka mvuke hutanuka takriban mara 1,700, yakiyarusha mafuta yanayowaka hadi paani. Katika kila ukoo yupo shujaa mwenye ndoo. Mtambue asubuhi na mapema, umpe kazi ya heshima ya kupokea wageni barabarani.

Suala la salamu nalo lina utaratibu wake. Wageni watapita uani mmoja mmoja kukupa Idi. Itikia marahaba macho yakiwa kwenye karai, na badala ya mkono toa kiwiko. Kukumbatiana hakufanyiki mbele ya mafuta ya nyuzi 180. Mwenye kuona umemdharau atanuna hadi zitoke sambusa, yaani dakika 6.

Hatua ya tano: joto

Vitafunwa vingi hutaka nyuzi 170 hadi 180. Vipimajoto vya jikoni vipo madukani, ila kukitoa mbele ya Bibi ni kutangaza hadharani kwamba hukulelewa. Tumia mwiko wa mti, mkavu. Chovya ncha yake: vipovu vidogo vikiuzunguka mti mfululizo, mafuta yamepata. Visipotokea, bado. Yakitoa moshi, yamepitiliza. Mjomba, akiwa kwenye kiti cha plastiki upande wa pili wa uani, atatangaza "Yamepata hayo!" kila baada ya dakika moja, na mara moja katika hizo atakuwa sahihi.

Baada ya hapo tumia masikio. Kelele ya karai ni kelele ya maji. Kitafunwa kikiingia, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kutoka kwa nguvu, chaaa, na mvuke ukiwa unatoka mafuta hayapati mlango wa kuingilia. Kelele hupungua taratibu, ikawa mchakacho mwembamba, na vipovu vikawa vichache: hapo ganda limekauka na muda wa kuopoa umekaribia. Mafuta yakiwa ya baridi, mvuke hutoka kivivu, ganda halifungi, na sambusa inakunywa.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Hawakuwa wakizungumzia karai. Ukitia sambusa 30 kwa pamoja ili kuwaridhisha wenye njaa, joto huanguka ghafla, kelele inakatika, na wote 40 watakula sambusa zinazoacha ziwa kwenye sahani. Watu waliosema "tia zote tumalize" ndio watakaosema mwaka huu zimejaa mafuta.

Hatua ya sita: itifaki

Mafuta hayasahau kilichopita ndani yake. Kwa hiyo kinachotangulia ni kile kisichoacha harufu wala makombo, na kinachonuka zaidi hukaa mkiani. Fuata mpangilio huu hata kama Rais atapita.

Mahamri kwanza. Yasukume yasiwe membamba, yakate, yapumzishe kidogo, ndipo uyatie. Andazi likipanda juu, mara moja limwagie mafuta ya moto mgongoni kwa upawa. Unyevu wa ndani hugeuka mvuke na kulifurisha kabla ganda halijakauka. Lisilofura mpe wa kwanza kuomba. Atashukuru sana, kwa kuwa hajaona mengine.

Kisha kaimati, ambazo ndizo hupima mkaangaji. Unga wake ni mwepesi, wa kupigwa kwa kiganja ndani ya bakuli mpaka uwe unavutika na kutoa sauti. Chota kwa mkono wa kushoto, bana ngumi, tonge litokeze juu kati ya gumba na kidole cha shahada, ulikate kwa kijiko kilichopakwa mafuta na kulidondosha karibu kabisa na uso wa mafuta. Koroga bila kuacha ili ziive pande zote. Ya kwanza itakuwa na mkia. Mikia ni haki ya watoto. Shira ya sukari na iliki ichemke hadi inate vidoleni, kaimati ziingie, uzirusherushe mpaka sukari izivae na kuanza kukauka kwa weupe. Binamu waliotoka Maskati watakwambia kwao hizi ni luqaimat, na kwamba humwagiwa asali ya tende. Wakubalie kila kitu. Masanduku yao hayajafunguliwa.

Mihogo huchemshwa kwanza kwa chumvi hadi ipasuke, ikaushwe, ndipo ikaangwe. Ukiuonja ukakuta ni mchungu, utupe, hata kama ni wa shamba la Babu Mkuranga: uchungu ule ni dalili ya sumu ya sianidi, na kukaanga peke yake hakuiondoi. Chipsi usikubali. Ukilazimishwa na kilio cha watoto, osha viazi hadi maji yawe masafi, kausha kwa kitambaa, kaanga mara mbili: mara ya kwanza kwa moto mdogo hadi vilainike bila rangi, mara ya pili kwa moto mkali dakika chache. Viazi vilivyolala kwenye friji viache, kwani baridi hugeuza wanga wake kuwa sukari, navyo huwa vyeusi upesi. Na weusi si sifa. Mwaka 2002 wanasayansi wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikikaangwa au kuokwa kwa moto mkali hutengeneza akrilamaidi, kemikali inayoshukiwa kusababisha saratani, nayo huzidi kadiri rangi inavyokolea. Hoja hii ihifadhi kwa baba mkubwa anayetaka zake "ziungue kidogo". Haitamshawishi, lakini atakula akiwa na mawazo.

Sambusa zinafuata. Nyama iwe kavu kabisa, ipoe kabla ya kukunjwa, na ukingo uzibwe kwa uji mzito wa unga wa ngano. Tundu la pembeni ambalo jicho halilioni, mafuta yataliona. Kazi ya kukunja hupewa wifi mpya, kwa jina la kumsaidia, kwa lengo la kumpima. Zake zikianza kupasuka moja baada ya nyingine mbele ya mama mkwe, wewe nyamaza, opoa nyama iliyomwagika, na punguza moto kidogo. Mafuta yameshasema yote yaliyokuwa ya kusemwa. Ukiwa na utu, changanya zake na zako kwenye sinia moja.

Kachori na bagia ndizo huchafua karai. Kachori huchuruzika uji wa dengu, bagia huacha makombo. Baada ya kila mkupuo pitisha chujio uopoe vilivyozama, maana vikibaki vitaungua na kuyatia mafuta uchungu. Kunde za bagia ziloweke, uondoe maganda, usage kwa maji machache, kisha upige rojo kwa mwiko liingie hewa. Dondosha tone kwenye glasi ya maji: likielea, kaanga; likizama, endelea kupiga. Kijana yeyote anayezunguka uani na simu akipiga picha za chakula anafaa sana kwa kazi hii ya kupiga.

Katlesi huvaa yai, na yai hutoa povu. Povu hupanda ghafla. Hapa ndipo utakapojua kwa nini uliambiwa usivuke nusu ya karai. Tia chache, na povu likipanda punguza moto.

Kuku achemshwe kwanza na viungo vyake, achujwe, akaushwe. Akiingia na maji atakurushia mafuta usoni. Wa kienyeji asiyechemshwa hatafuniki hata umkaange mpaka Idi ya Mfungo Tatu.

Sasa samaki. Samaki ni wa mwisho. Hili halina mjadala, ndiyo sababu litajadiliwa. Ukiwa katikati ya mahamri, mjomba ataingia na ndoo ya changu kutoka Feri, kawapata mnadani kwa bei atakayoitaja mara nne kabla ya kukaa. "Mwanangu, nitilie humo mara moja tu." Mara moja inatosha. Harufu ya samaki ikiingia kwenye mafuta haitoki, na kaimati zote zitakazofuata zitanukia bandari. Kumkatalia huwezi, kwa kuwa ndiye aliyekulipia ada ya kidato cha tatu. Kwa hiyo sema hivi: "Sawa, mjomba, ila samaki wazuri hivi wasikolee viungo? Watu watasema nini?" Kisha wachanje mbavu, wapake ndimu, saumu, tangawizi, pilipili na chumvi, uwafunike, uwaweke kwenye friji, jirani na friza yenye ule mguu wa mbuzi. Umepata muda wako. Mjomba amepata heshima yake. Mafuta hayajaguswa.

Zamu yao ikifika, wafute maji vizuri, mafuta yawe ya moto, na ukishamlaza samaki usimguse. Akishika rangi ataachia karai mwenyewe. Nenda Feri uwaone wakaangaji walio kazini tangu asubuhi mbele ya makarai makubwa: hakuna hata mmoja anayemgeuzageuza samaki. Anayegeuzageuza ni mtu wa nyumbani, na yeye ndiye hula vipande.

Hatua ya saba: kuopoa na kuhifadhi

Mafuta mengi huingia kwenye chakula baada ya chakula kutoka karaini. Kikianza kupoa, mvuke uliobaki ndani husinyaa na kuvuta mafuta yaliyoganda juu. Hizo sekunde za mwanzo ndizo za kufanyia kazi: kung'uta chujio juu ya karai, kisha simamisha sambusa wima kwenye wavu zichuruzike. Usizilundike. Gazeti halifai, kwani wino wake huhamia kwenye chakula cha moto. Karatasi za mitihani ya zamani nazo zina hatari yake: mtoto wa dada yako atasoma alama zake kwenye mahamri mbele ya ukoo.

Adui mkubwa kuliko wote ni hotipoti. Shangazi atalileta, jipya, lenye maua, na atasisitiza ufunike "zisipoe". Mvuke uliofungiwa hurudi kuwa maji, na kazi ya saa moja na nusu inalegea ndani ya dakika kumi. Usibishane naye. Pokea, tandika karatasi safi ndani, weka mkupuo mmoja, egesha mfuniko. Akipita, funika. Akienda, fungua.

Maswali utakayoulizwa ukiwa na mwiko mkononi

"Mbona usitumie ile mashine ya kukaangia bila mafuta?" Huyu ni binamu wa Dubai. Mashine hiyo ni tanuri dogo lenye feni. Ikibeba sambusa 6 kwa zamu, 180 zitataka zamu 30, na umeme usikatike katikati. Kaimati haziwezi hata kuanza, kwa sababu rojo lake litapenya wavu na kutua chini. Mwambie ni wazo zuri na umwombe akuachie mashine akiondoka.

"Sambusa asili yake ni wapi?" Swali hili limewahi kugawa meza. Ibn Sayyar al-Warraq wa Baghdad aliziandika kwenye kitabu chake cha mapishi katika karne ya 10, na Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, baadaye alizikuta kwenye karamu za sultani wa Delhi. Bibi husema zilianzia Pangani kwa mama yake. Jibu sahihi ni Pangani.

"Nipe nusu tu, niko kwenye dayati." Mpe nzima. Atarudi mara saba kuchukua nusu, na kila nusu huacha nyingine yatima kwenye sinia.

"Umetia chumvi kweli?" Huulizwa na mtu anayetafuna ya tatu. Mpe ya nne aendelee na uchunguzi.

Hatua ya nane: mafuta yaliyobaki

Yaache yapoe kabisa, yachuje kwa kitambaa safi, yatie kwenye chupa yenye kizibo, mbali na mwanga. Yakiwa meusi, mazito, yenye kutoa povu au moshi mapema, yamekwisha kazi. Usiyamwage kwenye sinki, yataganda na taka nyingine kwenye bomba, na fundi hapatikani siku ya sikukuu. Yaliyopitiwa na samaki yaandike SAMAKI kwa herufi kubwa, kwani usiku jirani atakuja na kikombe kuomba "kidogo tu ya kuchomea mandazi".

Wakati huohuo wageni wataanza kuaga, na makopo yatatoka kwenye mikoba. Yameletwa matupu kwa makusudi. Kufungasha si kazi yako. Ni kazi ya shangazi mkubwa, ambaye anajua nani anastahili sambusa za nyama na nani atapewa mahamri yasiyofura.

Hatua ya mwisho: kula

Mkaangaji akimaliza huwa hana hamu. Ameshashiba kwa pua, nywele zinanuka bagia, na shati halifai tena kwa swala. Njaa huja saa mbili usiku, wakati masinia yameshaoshwa. Kwa hiyo tenga sahani yako kutoka mkupuo wa kwanza, kabla ya Bibi kuonja, na uifiche mahali salama. Kabati halifai, friji haifai, na chini ya kitanda kuna watoto. Mahali pekee ni ndani ya begi la shule la mpwa wako, chini ya madaftari. Siku ya Idi hakuna anayeligusa, hata mwenye nalo.

Bibi atakuita kabla hujaondoka. Atakushukuru kwa dua ndefu, na mwisho wa dua atataja Idi ya Mfungo Tatu. Sema inshallah, busu mkono wake, toka. Zimebaki kama siku 70, nazo zinatosha kumfundisha mtu mwingine. Usihangaike kumtafuta. Yupo aliyesema ni kazi ya nusu saa, na jina lake uliliandika.